Kokwet, Baraza na Harambee: Kauli ya Umma katika Ujenzi wa Shule za Kericho na Bomet

Neno mchango lina maana mbili ambazo kamusi huziweka bega kwa bega bila ya kuona haja ya kuzipatanisha. Maana ya kwanza ni fedha au mali itolewayo na mtu pamoja na wenzake kwa ajili ya jambo la wote; ya pili ni maoni atoayo mtu katika mazungumzo. Mwenye kuchanga shilingi na mwenye kuchangia mjadala, katika Kiswahili, wanatenda tendo la asili moja. Historia ya shule katika nchi ya majani chai ya Kericho na Bomet yaweza kusomwa kuwa ni historia ya kutengana kwa maana hizo mbili: ya wananchi waliodaiwa mchango wa kwanza kwa miaka mingi, na ambao mchango wao wa pili ulisikilizwa mara chache, au ulisikilizwa kwa masharti.

Makala haya yanakusudia kuifuata historia hiyo kwa kupitia maneno matatu ambayo watu wa huko wameyatumia kuyataja makutano yao, yaani kokwet, baraza na harambee. La kwanza ni la Kikipsigis, la pili lilikuja na utawala, na la tatu lilitoka pwani likapandishwa bara na siasa. Kila moja lina jibu lake kwa swali lile lile: ni nani mwenye haki ya kusema shule ijengwe wapi, kwa fedha za nani, na isimamiwe na nani?

Kokwet ni mtaa, na papo hapo ni mkutano wa watu wa mtaa huo. Wakipsigis hawakuona sababu ya kuwa na maneno mawili. Wanaume wazima wa makazi yaliyokaribiana walikutana chini ya mti, wakaamua juu ya mipaka ya malisho, madeni, ugomvi wa majirani na kazi za pamoja. Ian Orchardson, aliyeishi miongoni mwao kwa muda mrefu, na J. G. Peristiany, ambaye kitabu chake juu ya taasisi za Wakipsigis kilitoka mwaka 1939, wote wawili waliona kwamba mkutano huo ndio uliokuwa msingi wa utawala wa watu hawa, ambao hawakuwa na mfalme. Hukumu haikutolewa kwa kuhesabu mikono, bali mazungumzo yaliendelea mpaka upinzani ukaisha au ukachoka. Hata hivyo, haifai kuipamba kokwet kupita kiasi, kama walivyofanya baadhi ya waandishi walioona demokrasia kamili kila walipokuta wazee wamekaa kivulini. Wanawake hawakuwa na kauli rasmi katika mkutano huo, na mvulana asiyetahiriwa hakuwa na kauli yoyote. Jambo hili la pili litarejewa, kwa kuwa ndilo linaloigusa shule zaidi.

Shule zilikuja katika nchi iliyokwisha kupunguzwa. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, eneo la ekari zipatazo 25,000 karibu na Kericho lilitolewa kwa mradi wa maofisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani, ambao walitarajiwa kulima kitani. Bei ya kitani ikaporomoka, mradi ukafa upesi, na ardhi hiyo haikurudi kwa wenyewe. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilianza kupanda chai huko Kericho, na mandhari ambayo leo mgeni huiona kuwa ya asili ikaanza kutandazwa vilimani. Katika miaka hiyo hiyo misheni zilikuwa zikisomesha. Willis Hotchkiss alikuwa amefungua kituo chake cha mafunzo ya kazi mwaka 1905 miongoni mwa watu ambao Waingereza waliwaita “Lumbwa”, jina la kupachikwa ambalo Wakipsigis hawakulipenda. Africa Inland Mission walikuwa Litein. Wakatoliki walikuwa Kaplong. Na katika miaka ya 1930 Tenwek, upande wa Bomet, ilipata wamisionari wa World Gospel Mission. Shule ya Serikali ya Kabianga ilianzishwa mwaka 1925.

Hapo ndipo neno baraza linapoingia. Pwani, baraza ni kibao cha mawe mbele ya nyumba, mahali ambapo watu hukaa na kuzungumza wakiwa sawasawa, na kutokana na kikao hicho neno likapata maana ya kundi la washauri. Neno hilo lilipopanda bara likiwa mikononi mwa utawala wa kikoloni, lilibaki na sauti yake lakini likapoteza usawa wake. Katika Kericho baraza lilikuwa mkutano ulioitishwa na Mkuu wa Wilaya au na chifu: yeye husimama, watu huketi majanini; yeye husema, watu husikia. Mwenye swali huinua mkono, na hekima humshauri asiuinue. Mabaraza ya Wenyeji yaliyoundwa kwa sheria ya 1924 yalikuwa na mamlaka ya kutoza kodi ndogo na kutenga fedha za shule, na wajumbe wake wengi katika Kenya walidai elimu kwa bidii ambayo Serikali haikuitarajia. Lakini mwenyekiti alikuwa ni Mkuu wa Wilaya mwenyewe. Mwaka 1934 zikaja Bodi za Elimu za Wilaya. Alama yao haijafutika: shule nyingi za msingi zingali zina herufi D.E.B. mwishoni mwa majina yake, na watoto huziimba herufi hizo bila ya kujua zilikuwa ni nini.

Mwaka huo huo wa 1934 Serikali ilitunga sheria ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai, waliokuwa viongozi wa mambo ya kiroho, ikawapeleka Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Tukio hilo si la historia ya elimu kwa maana finyu. Lakini mtu anayetaka kujua kwa nini wazee wa miaka ya 1930 na 1940 waliogopa kuitisha makutano yasiyo na kibali, asiliache nje ya hesabu. Mkutano ulioruhusiwa ulikuwa ni baraza. Mkutano mwingine wowote uliweza kuitwa njama.

Katika mashamba ya chai yenyewe mambo yalikuwa na sura nyingine. Wafanyakazi wengi walitoka mbali, Nyanza, Kisii na nchi ya Waluhya, na lugha iliyowaunganisha katika kambi za kazi ilikuwa Kiswahili. Watoto walikuwa wafanyakazi pia. Vidole vyao vilisifiwa kuwa vyepesi kwa kuchuma, na ajira yao ilizua mjadala mkali uliofika hadi Uingereza, hata Serikali ikaunda kamati mwaka 1938 kuichunguza. Shule za mashambani zilizojengwa na kampuni zilianza chini ya kivuli hicho. Mwenye shule alikuwa mwajiri. Mzazi alikuwa mpangaji katika nyumba ya mwajiri. Na mzazi aliyeachishwa kazi aliondoka na mtoto wake darasani. Katika shule za namna hiyo suala la kauli ya wazazi lilikuwa gumu hata kulitamka. Ripoti ya Beecher ya mwaka 1949, iliyobana nafasi za masomo ya juu kwa Waafrika, ilizidi kuwathibitishia wananchi wa pande zote mbili, wenye mashamba na wasio nayo, kwamba elimu ya watoto wao haikuwa mikononi mwao.

Tarehe 1 Juni 1963, siku ya Madaraka, Jomo Kenyatta alilifanya neno harambee kuwa wito wa taifa. Ni neno la wachukuzi na mabaharia wa pwani, la kutia nguvu kamba inapovutwa au mzigo unapoinuliwa. (Wapo waliodai baadaye kwamba ndani yake mna jina la mungu wa Kihindu, wakataka liachwe; dai hilo lina mashabiki wengi kuliko ushahidi.) Katika neno hili la kazi, kama katika nyimbo zote za kazi, mna kiongozi atoaye sauti na wengi wanaoitikia, na pengine hapo palikuwa na dalili ya yale yaliyofuata.

Kericho ililipokea neno hilo likiwa linakutana na desturi yake. Kokwet ilikuwa na kazi za pamoja tangu zamani, na sasa kazi hizo zikaelekezwa kwenye shule. Mkulima mdogo alikuwa ameanza kupata chai yake mwenyewe mwishoni mwa miaka ya 1950, na baada ya kuundwa kwa shirika la KTDA mwaka 1964, miti ya chai ilishuka kutoka vilima vya kampuni ikaingia katika mashamba ya Wakipsigis wa Bureti, Konoin na Bomet. Mkulima alilipwa kiasi fulani cha awali kwa kila kilo, na mwisho wa mwaka akapata bonasi. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na fedha zenye msimu unaojulikana. Fedha zenye msimu hukusanyika kwa urahisi, na katika wilaya zenye mazao ya biashara michango ya miradi ya harambee ilikatwa wakati mwingine kabla malipo hayajamfikia mkulima. Hapo ndipo maana mbili za mchango zilipoachana kabisa. Mtu aliyekatwa fedha zake hakuwa na haja ya kuwapo mkutanoni. Alikuwa amekwisha “kuchanga”.

Lakini si haki kuyatazama makato hayo peke yake. Zilikuwako pia siku zenyewe za harambee, na wasomi wa fasihi simulizi wangefanya vyema kuziandikia zaidi. Mgeni wa heshima huchelewa. Kwaya za wanafunzi na ngoma za akina mama huushika uwanja kwa saa nyingi. Kuku mmoja hunadiwa, hununuliwa, hurudishwa mezani, hunadiwa tena mpaka awe amegharimu zaidi ya ng’ombe. Majina husomwa kwa kipaza sauti pamoja na kiasi cha kila mtu, na yule aliyetoa kidogo husikia jina lake likisomwa upesi. Mgeni hutoa bahasha yake mwisho, na uwanja hulipuka kwa makofi. Philip Mbithi na Rasmus Rasmusson, katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 1977, walionyesha kwamba sehemu kubwa ya mali iliyojenga miradi ya harambee ilitoka kwa wananchi wa mahali penyewe, kwa fedha, vifaa na nguvu zao. Hata hivyo jiwe la msingi lilichorwa jina la mgeni.

Kufikia mwisho wa miaka ya 1960 shule za sekondari zisizosaidiwa na Serikali zilikwisha kuzizidi kwa idadi zile zilizosaidiwa nchini Kenya. Nyingi zilikuwa na walimu wasio na mafunzo na wanafunzi waliokosa nafasi kwingine baada ya mtihani wa CPE. Kamati za wazazi ndizo zilizoajiri, zikalipa, zikafukuza. Kamati hizo zilikuwa na makosa yake: ubishi wa koo, mwenyekiti asiyetaka kuondoka, mashimo ya misingi iliyochimbwa na kuachwa kwa sababu tarafa jirani nayo ilitaka shule yake. Lakini zilikuwa kamati za watu wenyewe, na mazungumzo yake yalifanywa kwa Kikipsigis, kwa mtindo wa kokwet. Serikali ilipoichukua shule, jambo ambalo kila kamati ililiomba kwa machozi, mwalimu mkuu alipelekwa na Tume ya Kuwaajiri Walimu, iliyoanzishwa mwaka 1967, na Bodi ya Magavana ikateuliwa kwa mujibu wa Sheria ya Elimu ya 1968. Ubora wa masomo uliongezeka. Hilo halina ubishi. Kauli ya wajenzi ilipungua. Na hilo pia halina ubishi, ingawa hutajwa mara chache.

Mwaka 1974 ada za darasa la kwanza hadi la nne ziliondolewa kwa amri ya Rais. Watoto wa darasa la kwanza nchini walipanda kwa mwaka mmoja kutoka chini ya 400,000 hadi zaidi ya 950,000, na shule zilizokosa madarasa zikawatoza wazazi fedha za ujenzi ambazo mara nyingine zilizidi ada iliyofutwa. Mwaka 1985, mfumo wa 8-4-4 ulipoanza, wazazi waliagizwa kujenga karakana na vyumba vya sayansi kimu. Hawakuulizwa kama karakana ndiyo iliyohitajika. Katika nchi ambamo wakulima walizichagua kamati zao za chai, na kuzihoji juu ya mizani na bei, ukimya wa wakulima hao hao mbele ya agizo la karakana unaonyesha jinsi shule ilivyokwisha kuhamia upande wa baraza.

Na mwanafunzi je? Katika historia iliyoelezwa mpaka hapa yeye alikuwapo kila siku na hakutajwa. Alibeba mawe, alichota maji ya kukandia matope, aliimba kwa ajili ya mgeni, na katika shule zenye vishamba vya chai alipalilia na kuchuma. Mchango wake wa nguvu ulikuwa mkubwa, lakini hakuna aliyeuandika katika daftari la michango. Shuleni aliongozwa na viranja walioteuliwa na walimu, ambao waliripoti juu na kuamuru chini.

Kwa Wakipsigis jambo hili lilikuwa na ukali wa pekee. Likizo ya Desemba ni msimu wa jando. Kijana hutoka shuleni Novemba akiwa mmoja wa lagok, watoto. Hurudi Januari akiwa miongoni mwa murenik, wanaume waliokomaa, wenye haki ya kuketi na wanaume wenzao. Nyumbani mama yake humheshimu kwa namna mpya. Darasani ni kidato cha pili, na hadi mwaka 2001, adhabu ya viboko ilipopigwa marufuku, aliweza kulazwa chini akachapwa mbele ya wadogo zake. Walimu wengi wamelalamikia kiburi cha vijana warudio kutoka jandoni, na malalamiko hayo yana msingi. Lakini yafaa pia ikumbukwe kwamba jamii ilikuwa imemwambia kijana huyo kwamba sasa ana kauli, na shule ilikuwa mahali pekee palipomkanushia. Wasichana hawakupewa ahadi hiyo wala huku wala kule.

Nchini kote ukimya wa wanafunzi ulivunjika kwa njia za kutisha. Moto wa Kyanguli, Machakos, mwezi Machi 2001, uliwaua wavulana 67, na mwaka 2008 migomo na uharibifu vilizikumba mamia ya shule za sekondari. Mwaka 2009 mabaraza ya wanafunzi yaliyochaguliwa kwa kura yakaanza kupewa nafasi rasmi, kwa msaada wa UNICEF, badala ya viranja wa kuteuliwa. Kura zilipigwa kwa masanduku, wagombea walitoa sera za chakula na maji ya kuoga, na mkuu wa wanafunzi akaitwa rais. Mwanafunzi wa lugha hawezi kupita hapa bila ya kusita. Chombo kilichokusudiwa kumpa kijana sauti kiliitwa baraza, neno ambalo kwa babu yake lilikuwa na maana ya kunyamaza. Shule zilizolirudishia neno hilo maana yake ya pwani zilipata chombo cha kushauriana. Zile zilizolitumia kwa maana ya chifu zilipata viranja wale wale kwa jina jipya.

Upande wa wazazi, badiliko kubwa lilikuja mwaka 2003 na elimu ya msingi bila malipo. Kila shule ya msingi ya umma ilitengewa shilingi 1,020 kwa mtoto kwa mwaka, na sehemu kubwa, shilingi 650, iliingia katika akaunti ya vifaa vya kusomea iliyopewa ufupisho uliosomeka SIMBA. Kamati ya shule ilikuwa na sahihi yake katika hundi, na matumizi yalitakiwa kubandikwa ukutani ili kila apitaye asome. Katika mwaka huo huo sheria ya maadili ya watumishi wa umma iliwabana maofisa waliozoea kuchangisha. Mkulima wa Konoin aliyekuwa akitoa tangu 1964 aliweza sasa, pengine kwa mara ya kwanza, kusimama mbele ya karatasi na kuzihesabu fedha za shule. Hesabu ile ya ukutani ilifanya kazi ambayo hotuba nyingi za harambee hazikuifanya. Lakini karatasi nyingi ziliandikwa kwa Kiingereza.

Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilifika katika mashamba ya chai ya Kericho. Wafanyakazi waliotoka nje ya wilaya walikimbia na watoto wao, na madarasa ya shule za mashambani yakabaki na viti vitupu. Shule hizo, ambamo Kiswahili kilikuwa ni lugha ya uwanjani na ya nyumbani kwa watoto wa makabila mengi, hazikuwa zimewahi kuwa na kokwet, na harambee zake hazikuwa za wenye ardhi. Ripoti ya Gachathi ya 1976 ilikuwa imependekeza watoto waanze masomo kwa lugha ya eneo lao, na watekelezaji wakaafikiana kwamba palipo na mchanganyiko Kiswahili kitumike. Lugha ya darasani ilitatuliwa hivyo. Lugha ya mkutano wa wazazi haikuandikiwa ripoti: mkutano ukifanywa kwa Kikipsigis, mchuma chai kutoka Kisii huachwa nje, ukifanywa kwa Kiingereza, wengi wa pande zote huachwa. Kiswahili ndicho kilichoweza kuwakalisha wote pamoja, na ndicho kilichotumiwa, lakini kama lugha ya matangazo kuliko ya kumbukumbu.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 iliziondoa Bodi za Magavana ikaweka Bodi za Usimamizi, zenye wajumbe sita wa kuchaguliwa na wazazi, pamoja na mwakilishi wa baraza la wanafunzi ambaye ni mjumbe kwa wadhifa wake. Mtaala mpya uliotangazwa mwaka 2017 ukaongeza miradi ya wanafunzi ya kuihudumia jamii. Katika nyaraka na hotuba za kipindi hiki neno linalotawala ni kushirikishwa: umma ushirikishwe, wazazi washirikishwe, wanafunzi washirikishwe. Kisarufi, kitenzi hiki kina viambishi viwili juu ya shina lake. Kushiriki ni tendo la mtu mwenyewe. Kushirikisha kunamleta mtu wa pili, mwenye uwezo wa kumwingiza mwenzake au kumwacha. Kushirikishwa kunamtoa huyo wa pili machoni, lakini hakumwondoi. Yupo, ila hatajwi.

Mikutano ya bodi katika shule za Kericho na Bomet hufuata ratiba iliyochapwa kwa Kiingereza, na hapo hapo mazungumzo huhamia Kiswahili pale ukali unapozidi, kisha Kikipsigis pale mzee anapotaka kumaliza neno. Mwakilishi wa wanafunzi, ambaye mara nyingi ndiye mwenye kuzijua lugha zote tatu vizuri kuliko wajumbe wengine, huombwa na jirani yake amweleze kilichosemwa. Hueleza kwa sauti ya chini, na kumbukumbu zikiandikwa maelezo hayo hayamo.